Ua la Porini Kwenye Lango la Bucha

2 Februari

Baba mpendwa,

Shikamoo. Macho yako vipi na huo mwanga wa kuchomelea? Mimi mzima, ukiacha jino moja alilonitoa mume wangu Jumapili kwa sababu chai ilimuunguza ulimi. Mtaa mzima unamwita Bucha kwa sababu anauza nyama. Sisi wa nyumbani tuna sababu zetu.

Siku hizi ananifungia. Akienda kazini anatia kufuli lile lango ulilotuchomelea siku ya harusi. Barua hii inapita chini yake, mkononi mwa mama muuza maziwa.

Nimepanda mbegu za lile ua la porini la kwenye uzio wa karakana yako, la zambarau, linalofunguka alfajiri na kusinyaa mchana. Nataka kitu changu humu ndani. Hazioti. Nifanyeje?

Mwanao

9 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Mbegu baadaye. Nakuja kesho, na nyundo nakuja nayo.

Baba yako

1 Machi

Mwanangu,

Hujambo? Vumilia mwandiko, huu ni mkono wa kushoto. Wa kulia mumeo aliuvunja kwa mpini wa shoka pale langoni, nami nakusikia unavyolia upande wa pili. Polisi wakaniambia huo ni ugomvi wa familia, nikapumzike. Sijapata usingizi wa maana tangu siku hiyo.

Sasa mbegu. Ua lile ni ndugu wa kiazi kitamu, ila ganda la mbegu yake ni gumu, maji hayapenyi. Ikwaruze kwa tupa mpaka uone weupe, iloweke usiku kucha ivimbe, kisha ifukie kina cha ukucha. Ipande pale pale itakapokaa, mizizi yake haitaki kuhamishwa. Jua lipate la kutosha. Watu hulinyima mbolea, maana likishiba hutoa majani bila maua. Wewe limwagie samadi. Tunataka majani.

Lipande chini ya bawaba za lango. Ile ya chini niliishikiza kwa vitone viwili tu, maana vijiti vya kuchomelea viliisha na bwana harusi alikuwa na haraka, akasema inatosha. Ya juu ndiyo inayobeba lango. Majani yakishaifunika, ikate kidogo kidogo akiwa kazini. Tupa anayo mama wa maziwa. Siku ukiwa tayari, sukuma na uruke pembeni. Lango lile tulilibeba wanaume sita.

Baba yako

20 Juni

Baba,

Shikamoo. Mkono umeunga? Ua linapanda utadhani limetumwa. Bawaba zote mbili hazionekani, na maua ya kwanza yameshaanza kukausha mbegu. Bucha ananicheka, eti nimekuwa bibi shamba.

Jana aliniburuta kwa nywele mpaka langoni akanibamiza uso kwenye majani. Nilipofumbua jicho, ile sehemu niliyokata ilikuwa mbele ya pua yangu, inang'aa. Yeye hakuiona. Imebaki unene wa msumari. Jumamosi nasukuma.

Mwanao

29 Juni

Mwanangu,

U mzima? Jumamosi imepita, nakaa barabarani kutazama kila anayeshuka basini. Nasikia Bucha amezikwa. Niambie ilikuwaje, usinifiche hata moja.

Baba yako

2 Julai

Baba,

Shikamoo. Ni mzima, nalala kwa mama wa maziwa. Polisi waliandika ajali, lango bovu.

Ijumaa mchana alirudi amelewa, maua yameshasinyaa. Akasema takataka hiyo imeziba lango lake. Akakata shina kwa panga, kisha akayazungusha mikononi matawi yaliyolizonga lango aanze kuyang'oa. Nilimwambia, "Acha, utaumia." Nilimwambia kweli, Baba. Akanigeukia: "Nikimaliza hili, zamu yako." Akavuta kwa nguvu zote. Lango likaja naye.

Lilimlalia kifuani. Akaniita kwa jina langu, jina ambalo sikuwahi kulisikia kinywani mwake tangu harusi. Akaniomba niite watu.

Njia ya kutokea ilikuwa moja tu, juu ya lango. Nikapita. Katikati nilisimama kuchuma mbegu zilizokauka, nazo sikuzichuma kwa haraka.

Nakuja nazo kesho. Weka tupa karibu.

Mwanao