Bega la Bwana Shee

Bwana wangu,

Mungu akupe nafasi huko uliko. Mimi huku sina. Nimo chumba cha ndani tangu ulipotoka kwa jeneza, eda yaingia mwezi wa pili, na mlango huu nimeujua msumari kwa msumari. Nikienda sijida magoti yalia kama bawaba kavu.

Wakumbuka ulivyonicheka? Wewe ukiunga viungo vya watu, kimya, mimi nyuma ya pazia naupa kila mwendo jina. Kiuno kikikunjwa, rukuu. Shingo ikigeuzwa, salamu ya kulia, salamu ya kushoto. Kiganja kikipinduliwa juu, dua. "Bi Zena, maneno hayaungi mfupa." Nikanyamaza. Kunyamaza si kukubali, nawe ulijua.

Juzi akaletwa Bwana Shee seremala. Kaanguka darini, bega la kulia limeteguka, mkono waning'inia. Ndugu yako Omari akawazuia ukumbini: "Mrudisheni. Fundi kafa, mkewe yumo edani, na ukumbi huu natia nazi."

Mkono wa kulia wa seremala, bwana wangu! Nami siruhusiwi kutoa hata pua.

Nikapaza sauti nyuma ya pazia: Bi Esha, mke wa Bwana Shee, amshike, mimi nitasema. "Bi Esha, kunja kiwiko. Kibane ubavuni. Sasa fungua mkono kwenda nje, taratibu, kama mlango wa chumba alimolala mtoto."

Bi Esha akavuta. "Waniua, mke we!"

"Sikusema vuta! Nimesema fungua!"

Akaanza tena. Nilikuwa nimeuma leso. Kisha nikausikia ule mlio wako, ko!, na Bwana Shee akashusha pumzi.

"Aguse bega la pili kwa mkono huo."

"Amegusa, Bi Zena," akasema Esha, akilia.

Nazi za Omari zingali uani, na jana kaniletea mgonjwa wa kifundo cha mguu, kana kwamba shauri lilikuwa lake.

Wote huja wamefungika, hufunguka, hushika ndia wakaenda. Nabaki mimi na misumari yangu. Lakini nakuahidi: siku zangu zikitimia, mlango huu nitaufungua kwenda nje, taratibu. Mgonjwa wa kwanza nitamshika kwa mikono yangu, wala sitasema neno. Hilo moja nitakupa.

Lala, bwana wangu.

Zena wako