Mitende Haina Kosa

Jumatatu, 13 Januari

Kuna jambo nimelificha kuhusu nyumba hii kwa miaka thelathini na minne. Marehemu mke wangu alikufa bila kulijua. Padri hajui. Mwanangu hajui. Daktari wa Kisumu anasema moyo wangu huenda usifike mvua za Aprili, kwa hiyo nitaliandika. Lakini si leo. Leo nina hasira.

Dawa nne. Uji bila sukari. Kisha rula. Ufa wa ukuta wa chumba changu umefika dari. Mwezi uliopita ulipitisha penseli, sasa unapitisha kidole.

Na nje ya ukuta huo huo, hatua moja tu, mitende minne. Ile ya mapambo, yenye shina laini kama nguzo, wanayoipanda mbele ya mahoteli. Aliipanda mke wa mwanangu miaka sita iliyopita nikiwa nimelazwa. Tunamwita Nyar Asembo, binti wa Asembo, kwa kuwa alizaliwa Asembo Bay. Ana kitalu cha miche hapo barabarani, na nyumba yangu ndiyo tangazo lake. Anawaonyesha wateja: tazameni ile kwa mzee. Nani alimpa ruhusa? Mke wangu, nasikia. Mimi sikuulizwa.

Nilifundisha ujenzi chuo cha ufundi miaka thelathini. Hakuna mwanafunzi wangu aliyethubutu hata kuchora mti karibu hivyo na ukuta. Majani yanaziba mfereji wa bati. Panya wanapanda. Ni utovu wa adabu.

Ufa, hata hivyo, si wa mitende. Hilo naweza kuliandika leo.

Alhamisi, 16 Januari

Ilivyoanza. Desemba walileta kitanda cha hospitali, ikabidi wahamishe kabati la nguo. Nyuma ya kabati, ufa. Ulikuwa hapo kabla Nyar Asembo hajaolewa. Kabati niliweka mimi.

Mwanangu Odhiambo akasimama, mdomo wazi. Akauliza nini hiki, Baba. Nikajibu neno moja: mitende. Lilitoka lenyewe, kama kikohozi.

Nilidhani litaishia chumbani. Wazee wa kanisa walipokuja kuniombea, Odhiambo akawaonyesha ufa. Sasa eneo letu lote la Kano linajua kwamba mwalimu wa ujenzi amesema mitende inabomoa nyumba. Leo mama mmoja kutoka Nyamasaria amerudisha miche sita kwenye kitalu. Aliitupa chini mbele ya wateja. Nyar Asembo aliiokota mmoja mmoja, akaifunga mizizi upya, akaimwagilia.

Kisha akaniletea chai mlangoni. Chai hiyo inanichoma kuliko matusi.

Jumapili, 19 Januari

Odhiambo amekuja kutoka Muhoroni, anakotengeneza matrekta ya miwa. Ameamua: Jumamosi ijayo mitende inakatwa. Amekwisha kuongea na mtu mwenye msumeno wa petroli.

Wamegombana kwenye veranda. Dirisha langu lilikuwa wazi, sikuwa na pa kwenda.

“Baba amefundisha ujenzi miaka thelathini,” Odhiambo akasema. “Wewe umefundishwa na nani?”

“Na miti. Wewe na trekta zako, mti unaujua ukishakuwa kuni.”

Akamweleza pole pole, kama anavyowaeleza wateja. Mtende hauna mzizi mnene wa kusukuma ukuta. Una nyuzi nyingi nyembamba, zikigonga jiwe zinapinda. Akasema kama hamniamini, tuchimbe hapo ukutani, mtaro mdogo tu, tuone kwa macho. Na kwamba ikikatwa hii minne, hakuna atakayenunua hata mche wa mpapai kwake tena, na karo ya watoto haitoki kwenye trekta peke yake.

Kila neno lake ni sawa. Nikapiga kelele kutoka kitandani kwamba hakuna atakayechimba ukutani kwangu nikiwa hai. Nilikohoa mpaka Odhiambo akaja kunishika mgongo.

Nimekasirika. Mtu ambaye hajawahi kushika kitabu cha ujenzi, halafu anasema kweli.

Jumatano, 22 Januari

Kwa nini sitaki mtaro.

Udongo wa hapa ni mweusi, wa kunata. Kiangazi hiki umepasuka mpaka fimbo yangu inazama nusu. Mvua ikinyesha unafura kama unga wa mandazi. Unapanda, unashuka, kila mwaka, na chochote kilichokaa juu yake kinapanda na kushuka nao. Dawa yake ni moja: uchimbe mpaka weusi uishe, ukute changarawe ngumu. Hapa kwetu ni kina cha kifua cha mtu mzima. Nilikuwa nikiwafundisha hivyo. Nilikuwa nikiwafelisha wasiojua hivyo.

Msingi wa nyumba hii una futi moja na nusu.

Watakaponizika hapa kuliani mwa nyumba, kama desturi inavyotaka, nitalala chini kuliko nyumba yangu inavyosimama. Juzi, kabla Odhiambo hajarudi Muhoroni, nilimwambia anizike kule kwenye ua wa nyuma, mbali na ukuta. Akanitazama kana kwamba nimechanganyikiwa. Akasema, Baba, watu watauliza ulikosana na nani. Wataulizana, kweli. Hata kufa siwezi kufa bila mtu kuchimba.

Ijumaa, 24 Januari

Nyar Asembo ameitoa mitende yote mbele ya kitalu. Ameipanga nyuma, chini ya neti, kama bidhaa ya wizi. Mbele ameweka sukumawiki. Wateja watatu tangu asubuhi, nimewahesabu kutoka dirishani. Mmoja aliuliza njia tu.

Nimewahi kumfanyia mtu hivi. Niandike jina lake: Owuor, fundi mwashi. Ndiye aliyejenga hapa. Ufa ulipotokea mara ya kwanza, mwaka wa tatu, mke wangu aliuliza, nami nikasema Owuor aliiba saruji. Nikalisema pia sokoni na kanisani. Mwalimu amesema. Hakuna aliyempa tena nyumba ya kujenga huku Kano. Alihamia mtaa wa Obunga, Kisumu, akawa mtu wa kubebeshwa mawe na mafundi aliowafunza mwenyewe. Alikufa mwaka juzi. Sikwenda mazishini. Nilisema nina mafua.

Nina hasira na Owuor. Mbona hakuja hapa kunitukana? Mbona hakusimama kanisani akanipinga? Angalifanya hivyo, ningalikuwa nimemaliza zamani.

Hapana. Hasira hii naielekeza kwa asiyestahili. Tena.

Jumamosi, 25 Januari

Mwenye msumeno alikuja saa nne. Nikatolewa nje kwenye kiti, blanketi magotini, kama mgeni rasmi.

Nyar Asembo alikuwa amewatangulia. Ana jembe, leso kiunoni, na shimo lilishafika nusu. Odhiambo akamwambia aache, unamwaibisha Baba. Akasema mkikata, mnikate pamoja na mitende, lakini kwanza mtaona. Mwenye msumeno akaketi chini. Akasema, Bwana Odhiambo, mimi nalipwa kwa siku, malizeni tu.

Mizizi ikatokea. Mingi, myembamba, kama nyuzi za katani. Imefika kwenye zege, ikageuka, ikaenda zake. Hakuna hata mmoja ulioingia. Aliuvuta mmoja akautandaza kwenye kiganja, akazunguka nao, akimwonyesha kila mtu. Majirani walikuwa wamejaa kwenye ua. Mimi aliniruka.

Kisha akarudi kuchimba, na jembe likapita chini ya zege. Akainama. Akaingiza mkono wote mpaka begani chini ya nyumba yangu.

“Nyumba imeishia hapa,” akasema.

Odhiambo akamwambia achimbe zaidi, msingi uko chini.

“Hakuna chini, baba watoto. Njoo ushike.”

Akaja, akashika. Akasimama na udongo mkononi. Niliona hesabu ikipita usoni pake, na nikaona inakwenda wapi. Akasema kwa sauti ya kusikika uani, kwa uchungu wa mtoto anayemtetea baba yake: “Yule Owuor. Baba alisema siku zote kwamba alikuwa mwizi.”

Watu wakaguna. Mzee mmoja akatema mate.

Mimi nikatikisa kichwa, ndiyo.

Nilitikisa kichwa. Mitende imepona. Wanawake wawili wameagiza miche papo hapo. Nyar Asembo alicheka kwa mara ya kwanza tangu Desemba. Na mimi nimemzika Owuor mara ya pili. Nina miaka themanini na moja, nimesoma, nimefundisha, ninakufa, na bado nilitikisa kichwa. Mtu gani huyu?

Jumatatu, 27 Januari

Sikupima ufa. Sikula uji. Pumzi fupi, lakini kichwa ni kizima.

Jua limetulia kwenye ukuta. Barabarani wanashusha mbolea ya kitalu.

Nilimwomba Odhiambo asirudi Muhoroni leo. Nikamwomba amwite mkewe. Kwa heshima ya ukwe haingii chumbani kwangu, kwa hiyo aliketi kwenye kigoda nje ya mlango, na mimi nikaongea na mlango uliokuwa wazi nusu. Odhiambo alisimama miguuni pa kitanda. Nikawaambia wanisikilize mpaka mwisho kwa sababu sitaweza kurudia, na kwamba nikimaliza, waende Obunga wakawaeleze watoto wa Owuor, kisha kanisani.

Nimewaambia, na sasa naandika kama nilivyosema.

Siku ile ya kuchimba msingi, wanafunzi wangu kumi na wawili walikuwa wamesimama hapo kutazama. Owuor alipanda kutoka mtaroni akasema mbele yao: Mwalimu, hapa bado, tuchimbe mpaka kifuani. Nikamwambia mwenye cheti hapa ni nani. Alipokwenda kunywa maji nilichukua nondo, nikaisukuma chini kwa mkono mmoja, ikazama kama kwenye uji. Nikaichomoa, nikaipangusa. Owuor aliporudi nikamwamuru amwage zege.

Nilijua yuko sahihi.