Bahasha ya Masere Colette

Kabondo, Kisangani

Naomie mujukuu wangu,

Njia ya muto kutoka Basoko unaijua, uliipita ungali mugongoni mwangu. Basi ni kitu gani kinakushika huko mwaka muzima? Shule ikifunga, walimu wenzako wanapanda mashua, ile baleinière, wanakuja kusalimia wazee wao. Wewe unatuma salamu kwenye simu ya kaka yako Patrice, eti uko muzima. Siamini. Mutu muzima anakuja na miguu yake nimuone. Mimi koko wako niko. Goti la kushoto linanisumbua, kinywa hakijambo. Anayeandika ni Aurélie, binti wa jirani. Mimi sikusoma, lakini kila mustari ananisomea tena, maana vijana hawa ukiwaambia andika koko amekasirika, wanaandika koko anakupenda. Yote mbili ni kweli, lakini aandike nilichosema.

Bon. Habari ya barua yako. Ulipoomba kuingia utawa, ulitaja nyumba yangu ili jibu lifike hapa. Baada ya Pasaka mutawa wao, masere Colette, alifika na bahasha imefungwa. Nikamuuliza wamekukubali ao wamekukataa. Akacheka, akasema hiyo ni ya Naomie kufungua. Mutu anayecheka na bahasha iliyofungwa mukononi, mimi namuogopa. Alikunywa maji, akaniomba niitume Basoko, akaenda.

Kisha bahasha ikakosekana. Masere aliporudi kuuliza, aliambiwa kwamba aliyepewa ni Célestin mwenye baleinière. Célestin alisema hakupokea kitu, Mungu anajua. Hakuongeza neno. Watu wa jumuiya yetu wakasema mutu asiye na kosa hanyamazi hivyo. Mimi pia nilimuangalia vibaya. Walimutoa kwenye kuongoza nyimbo, na sala ya siku ya tano ya juma, iliyokuwa ikifanyika kwake, wakaihamisha. Sasa anakaa benchi ya nyuma na muke wake.

Halafu wewe ukapiga simu. Masere alikuwa tayari kukuandikia tena, ukamukataza. Ukaniambia kama Mungu ameacha barua ipotee, basi amejibu, unapokea mapenzi yake, na utamukubali Yannick, yule fundi niliyekuchagulia. Ulisema kwa sauti tulivu. Ningependa ulie. Nikasema amina, nikarudisha simu, nikakaa chini.

Wiki iliyopita Célestin aliniletea wale samaki wa moshi uliowatuma. Niliwahesabu mbele ya watu, mumoja mumoja, nikitamani apungue hata mumoja. Kumi na moja, kama ulivyosema. Célestin akangoja nimalize, akaniambia koko, kama una mashaka hesabu tena, mimi niko. Alors nikahesabu tena. Kumi na moja. Jumapili, katika Baba Yetu, tulipofika kwenye mapenzi yako yatimizwe, kinywa changu kilikataa. Nimeshuku watu wote katika mambo haya, hata Mungu. Ni mutu mumoja tu ambaye sikumushuku.

Aurélie ameinua kalamu, ananiangalia. Nimemuambia aandike.

Naomie, siyo Mungu. Ni mimi. Célestin sikumupa kitu. Bahasha iko ndani ya malle, sanduku langu, katikati ya liputa, nguo niliyoiweka ya kunizikia, maana ile hakuna anayeigusa nikingali hai. Niliogopa wamekukubali. Nimezika watoto watatu, nilitaka kubeba mutoto wako. Kila asubuhi nilimuambia Mungu afanye anavyotaka, na ufunguo wa malle uko shingoni mwangu. Uliinamisha kichwa mbele ya mapenzi ya koko wako, ukidhani ni ya Mungu. Ya kwake mimi siyajui. Bahasha haijafunguliwa. Pengine wamekukataa, na Célestin nimemuharibia jina bure kabisa.

Kesho ni siku ya tano. Nitasimama mbele ya jumuiya, niseme kama nilivyosema hapa. Barua hii anakuletea Célestin. Sikuifunga. Nimetaka yeye aisome kwanza.

Patrice anakusalimia, na Aurélie pia, ingawa sasa ananiogopa. Yannick usimujibu kwanza. Safari hii usiniletee samaki. Ukishuka bandarini, uje pamoja na Célestin mpaka hapa nyumbani, nikupe ufunguo mbele yake. Fungua, usome kwa sauti, polepole, hata kama ni neno nisilolitaka.

Koko wako Germaine
(kidole changu hiki hapa chini)