Kelele za "Fungua!"

Halle, Jumatano

Dada yangu mpendwa Swantje,

Pokea salamu zangu. Natumaini yale mafua yaliyokushika huko Bremen yamekwisha. Sisi hatujambo. Mama ameoka keki ya plamu na amenikataza kuigusa mpaka mashindano ya kuruka majini yapite. Baba anasema tangu nimalize shule nimekuwa mpangaji asiyelipa, lakini anasema huku anacheka.

Nadhani umeiona ile video ambayo Kocha Lothar anapaza sauti "Fungua!" nikiwa bado nabinuka hewani. Imetazamwa na watu wengi kuliko wakazi wa mji wetu. Unakumbuka alivyokuwa akitufanyia: wewe umejikunja, yeye yuko chini anakuambia wakati wa kunyoosha mwili. Ni msaada wa mazoezini tu, kwani kwenye mashindano kocha hunyamaza. Siku hizi watoto wananipigia kelele hiyo hata kwenye tramu. Mimi, niliyekuwa naona haya kuomba ruhusa ya kwenda chooni! Kocha ananiita nyota wa simu. Anasema wafuasi wakizidi, ataanza kuchana nywele.

Kuhusu mashindano ya Rostock, uliambiwa niliteleza. Sikuteleza, dada. Msichana mmoja kwenye viti vya watazamaji alipiga kelele "Fungua!" mapema, na mwili wangu ukanyooka kabla sijauambia. Niliyaangukia maji kwa mgongo kutoka mita kumi, nikatema damu kidogo. Baadaye msichana huyo alinisubiri mlangoni tupige picha. Aliniambia kwa furaha kwamba ndiye aliyepiga kelele, akauliza kama nilimsikia. Nilimjibu ndiyo, nikamshukuru.

Jumapili ni mashindano ya taifa, Berlin. Wafuasi wamekubaliana mtandaoni kwamba nikiwa hewani wote watapiga kelele "Fungua!" kwa pamoja, eti ni zawadi yangu. Nilimwonyesha Kocha. Akacheka, akasema wenzangu wanaruka mbele ya viti vitupu, mimi nalalamika kupendwa. Nimejaribu kuwaandikia wafuasi waache. Naandika, nafuta.

Sasa nikuambie jambo ambalo hakuna anayelijua. Tangu Rostock naruka nikiwa nimefumba macho. Miguu ikishaondoka kwenye jukwaa la kurukia, sijui maji yako wapi wala dari iko wapi, mpaka nisikie sauti ya Kocha. Yeye ananisifu kwamba nimetulia. Sijatulia, nimejaa hofu. Na Jumapili yeye atanyamaza, halafu ukumbi mzima utajaribu kupiga kelele pamoja, lakini kila mtu atapiga kwa wakati wake, na mwili wangu utamtii wa kwanza.

Kesho nataka kumwambia Kocha. Nimejizoeza maneno mbele ya kioo, lakini unanijua, yanaweza kuniishia mdomoni. Yakiniishia, nitapanda Jumapili, nitasimama ukingoni, kisha nitageuka na kushuka kwa ngazi mbele ya simu zote zile. Unajua sisi waruka majini tunavyomcheka anayeshuka kwa ngazi. Hata wewe na mimi tumewahi kumcheka mtu.

Kwa hiyo naomba uje. Simama chini ya ngazi na taulo, usinipigie makofi, usiniulize kitu. Nikijua upo, nadhani miguu itakubali kushuka.

Nisalimie shemeji Ottokar, na umwambie asiiangalie video hiyo tena.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Jorinde