Isale Mbele ya Kijiko

Jumatatu, 13 Januari

Asubuhi nimevuka tena kwa makalio. Mtendaji wa kijiji mzima, sketi nimeikunja, nimekaa juu ya gogo najivuta mpaka ng'ambo, na watoto wa shule nyuma yangu wanasubiri zamu. Zamani walikuwa wanacheka. Siku hizi wameshanizoea.

Naogopa yale magogo. Nasema hapa kwa sababu hakuna atakayesoma.

Nyumba yangu iko upande wa juu. Ofisi, shule na zahanati viko ng'ambo. Masika yakianza magogo yanachukuliwa na maji na sisi wa juu tunabaki kama kisiwa. Mwaka jana mto ulimchukulia Manka kiatu. Mwanangu wa mwisho huyo. Alirudi mguu mmoja mtupu, akakaa jikoni. Sikumuuliza kitu, nilielewa alikuwa karibu kiasi gani. Mwaka huu yuko darasa la saba, na anasema hatakosa shule hata siku moja. Sina raha.

Mchana simu kutoka halmashauri, Moshi. Zabuni ya daraja letu imepata mtu. Nikakata simu, nikasimama mlangoni nikiangalia migomba tu.

Jumatano, 22 Januari

Mkandarasi amekabidhiwa eneo. Anaitwa Bwana Kulwa, Msukuma wa Shinyanga. Mwili mkubwa, sauti kubwa, simu mbili, zote zinaita. Mhandisi wa halmashauri akanyoosha mkono, kuanzia mgomba huu mpaka mparachichi ule, kisha wakasaini karatasi juu ya boneti la gari. Basi.

Miaka yote ile ya vikao! Mkutano wa kijiji, kamati ya kata, baraza la madiwani, kurudishwa, kuanza upya. Kumbe yote yanakuja kutua kwenye boneti, na mtu ambaye hajawahi kuuona mto huu ndiye anayepewa kazi ya kuwavusha watu. Nimestaajabu, lakini si kwa ubaya.

Kipande cha njia kinapita kwenye kihamba cha mzee Meku Anaeli, shamba la ukoo wake. Amekitoa bila fidia, kwa mdomo wake, mbele ya mkutano. Mchaga kutoa kihamba! Hapa ndugu wanaburuzana mahakamani kwa ajili ya shina moja la kahawa. Na Meku si mtu laini. Alikuwa mpagazi wa mlimani ujana wake, mbishi, redio yake haizimwi hata akila. Alisema tu kwamba marehemu mkewe alizeeka akivuka kwa magogo, akakaa chini. Hakuna aliyepiga makofi. Tulishikwa na butwaa.

Jumatatu, 3 Februari

Kijiko kimefika, mashine ya kuchimbia. Lori lilikileta kutoka Himo hadi mwisho wa lami, kikashuka, kikapanda chenyewe kwa minyororo yake. Ardhi ilikuwa inatetemeka mpaka vyombo vya jirani yangu Mama Sia vikalia kabatini. Watu wote nje. Wanawake na mizigo ya majani ya ng'ombe kichwani, wamesimama, hakuna aliyekumbuka kutua mzigo.

Lile jiwe la njiani, ambalo tumelizunguka tangu nikiwa mtoto, kilitia meno chini yake na kulinyanyua. Chini yake udongo mwekundu, mbichi, haujawahi kuona jua. Nilisisimka mwili mzima. Mtu mzima mimi.

Kibo kilifunguka jioni, cheupe, bila wingu. Nimefua.

Alhamisi, 6 Februari

Balaa.

Vibarua walikuwa wameenda kunywa chai. Dereva wa kijiko kabaki peke yake, kaona uzio wa majani umembana, kaufagia wote. Uzio wenyewe ni masale ya Meku, pale kwenye kona alipozikwa mkewe. Kaburi halikuguswa. Lakini masale yote yameng'olewa, mizizi juu.

Dereva ananiambia, mama, yalikuwa majani tu. Mgeni. Hajui. Angekuwa mtu wa hapa hata kwenye giza asingeyagusa. Isale kwetu ndilo mpaka, ndilo linalolinda kaburi, na ndilo jani la kuombea msamaha. Mtu halikati ovyo.

Meku alikuja, akaangalia. Akaokota shina moja, akalilaza njiani mbele ya kijiko, akarudi kwake.

Kibarua wa kwanza kutoka chai alipoliona akaweka chepe chini. Halafu wa pili. Halafu wote wakaenda nyumbani. Isale likilazwa njiani halivukwi. Tangu saa hiyo kijiko kimenyamaza.

Jumamosi, 8 Februari

Nimekwenda kwa Meku mara mbili. Shikamoo anaitikia, kiti ananipa, kisha anaongeza sauti ya redio.

Bwana Kulwa naye kaenda. Kapeleka kreti za soda na mfuko wa mchele. Vimerudishwa, havijafunguliwa. Akapeleka nakala ya mkataba, na mhuri anamwonyesha kwa kidole. Meku akautazama mhuri kwa adabu kabisa, akasema redio inatoa habari.

Mhandisi kanipigia. Mambo yasipokaa sawa mwezi huu, mkandarasi ataondolewa na daraja litapelekwa kata nyingine iliyo tayari, maana mwaka wa fedha haungoji mtu. Ananiuliza kwani ni mti gani huo. Nikashindwa kumweleza kwenye simu. Kila nilichosema kilisikika cha kijinga hata masikioni mwangu, na nimekasirika kwa hilo.

Manka ananiuliza daraja litaisha kabla ya masika? Nimemjibu akalete maji.

Jumatatu, 10 Februari

Niandike kabla sijasahau jinsi ilivyokuwa.

Asubuhi Bwana Kulwa kapanda kijiko mwenyewe. Kamwambia dereva ashuke. Kawasha. Moshi mweusi, mngurumo, mkono wa chuma ukainuka juu ya migomba. Sisi tumesimama pembeni, kijiji kizima. Mbele ya minyororo lile shina la isale, siku nne juani, na bado kijani. Halikuwa hata limenyauka.

Nilimwona anatazama chini. Kisha akatutazama sisi. Nadhani alingoja tupige kelele au tumrushie mawe. Hakuna aliyesogea. Nyuso tu.

Mkono wa kijiko ukashuka taratibu. Akazima. Ule ukimya baada ya mashine, nywele zilinisimama. Mtambo mzima wa serikali na mkataba wenye mhuri, umezuiliwa na jani. Nimeishi na masale miaka yangu yote, nayapita kila siku nikienda chooni, na sikuwahi kujua yana nguvu hiyo.

Akaja kwangu. Akaniuliza, kwa sauti ndogo ambayo sikujua anayo, "Mama mtendaji, pale kuna nini?"

Nikamwambia kuna kaburi la mke wa Meku. Akafunga macho. Akasema hakuna aliyemwambia. Kweli, hakuna. Hapa sote tunajua, basi nani angemwambia nani?

Mchana nikarudi kwa Meku, safari hii sikukaa. Nikamuuliza amemkatalia nini yule mtu. Akazima redio. Sijawahi kumwona akizima redio.

"Mimi sijamkatalia mtu," akasema. "Sijaombwa."

Jumanne, 11 Februari

Bwana Kulwa alikuwa mlangoni kwangu kabla sijakamua ng'ombe. Anauliza jani lenyewe linachukuliwaje. Nikamwonyesha masale ya uzio wangu, nikamwambia achukue mwenyewe. Kalichagua muda mrefu, kama anachagua shati la harusi.

Tukaenda. Mimi nyuma. Simu zote mbili kaziacha kwenye gari.

Alivua kofia yake ngumu getini. Akasema shikamoo. Akaweka lile jani kwenye viganja vyote viwili, akamnyooshea. Alikuwa ameandaa maneno, nilimsikia akiyarudia njiani, maneno marefu. Yakamkauka. Alisema, "Mzee, nimevunja nyumba ya mama. Naomba," basi, akabaki ameinama, lile limwili lote.

Kuku akapita katikati yao. Niliogopa kuliko ninavyoogopa kwenye gogo.

Kisha mzee akalipokea. Akalishika kifuani, macho yamejaa. Akaniambia nimletee pombe ya mbege kutoka kwa mkwewe, kata kubwa ya kunywea. Wakanywa kwa zamu. Mmoja hajui Kichaga, mwingine hajui Kisukuma, na wote wawili walikuwa wanalia na kujifanya ni moshi wa jikoni.

Meku mwenyewe ndiye aliyetoa lile shina njiani. Hakulitupa. Akalipeleka kwenye kona, akalichomeka ardhini. Bwana Kulwa, dereva na vibarua wakapanda mengine yaliyobaki. Isale halina makuu, ukilichomeka linashika.

Kijiko kimeunguruma mpaka jioni. Kichwa kinaniuma kwa furaha.

Jumamosi, 8 Machi

Zege la juu ya daraja. Nimechoka hoi, mikono haifungi, lakini lazima niandike.

Zege likianza kumwagwa halisimamishwi, likikatika katikati daraja linabaki na ufa. Mashine ya kuchanganyia ikafa mchana. Fundi kaifungua, kaifunga, wapi. Na wingu zito linashuka kutoka mlimani. Bwana Kulwa kakaa juu ya mfuko wa saruji, kashika kichwa.

Ndipo tukasikia pembe. Ya msaragambo, ile inayopigwa mifereji ikiziba, kila nyumba itoe mtu. Alikuwa Meku, amesimama kwenye kona yake kati ya yale masale.

Wakaja. Mungu wangu, walivyokuja. Kutoka migombani, kutoka mazoezi ya kwaya, Wakatoliki kwa Walutheri, wengine na jembe, wengine na karai la kufulia. Wanaume wakachanganya kwa machepe, sisi tukapanga mstari kutoka njiani mpaka mtoni, makarai yakapita mkono kwa mkono. Mtu ambaye hajaongea na jirani yake tangu kesi ya mpaka alikuwa anapokea karai kutoka kwake. Hakuna aliyeandikwa kwenye mkataba wowote. Nilikuwa napokea na kupitisha, napokea na kupitisha, machozi yananitoka na sina mkono wa kuyafuta.

Karai la mwisho likamwagwa, tukafunika kwa turubai na majani ya migomba. Ndipo mvua ikaanguka. Tulisimama kwenye mvua tukitazama, kama watu walio kanisani. Kiburu cha ndizi na maharage kililiwa kimelowa.

Alhamisi, 3 Aprili

Masika yameshika kweli. Tangu alfajiri mto unanguruma, maji ya kahawia, mawe yanagongana chini. Magogo ya zamani yameondoka. Sikuyaona yakienda.

Nimevuka kwenda ofisini nimesimama. Katikati nilisimama kidogo. Maji yanapita chini ya miguu kwa nguvu ile, na daraja halitikisiki. Kwa Meku redio inasikika mpaka pale. Masale ya kona yametoa majani mapya.

Bwana Kulwa alipiga simu, yuko Singida, kazi nyingine. Aliuliza habari za mto, kisha za Meku.

Manka karudi saa kumi, kalowa chapachapa, anaongea habari za hesabu. Viatu miguuni, vyote viwili. Nimeviweka karibu na moto vikauke.