Duka la Mama Halitakuwa Maegesho ya Magari

Yaya wangu mpendwa,

Watakaosoma barua hii mbali na Katanga wajue kwamba kwetu yaya ni dada mkubwa, si mlezi wa watoto, ingawa wewe ulinilea pia. Nakuandikia hadharani kwa sababu kwenye simu hunipi nafasi. Ukishasema, "Mudogo, tuuzishe tu, wakati ya bibutike imeisha," yaani zama za viduka kama chetu zimekwisha, unakata, na mimi nabaki na maneno yangu mdomoni. Leo utanisikiliza mpaka mwisho, wewe na kila mtu wa mtaa wetu wa Kikula anayejua kusoma.

Unajua tunachogombania. Lile duka kubwa lililofunguliwa kwenye kona ya barabara yetu linataka kiwanja alichotuachia Mama. Wanataka kuvunja duka letu na nyumba iliyo nyuma yake, wamwage lami, magari ya wateja wao yapate pa kusimama. Karatasi za kiwanja zina majina yetu mawili. Wewe huko Lubumbashi umeshakubali. Bila saini yangu hakuna kitakachofanyika, na saini yangu hawataipata.

Kumbuka tulikoanzia. Baba alikuwa bado anafanya kazi kiwandani, na mwisho wa mwezi tulikwenda naye kwenye kantini ya kampuni kuchukua posho: unga, mafuta, samaki wa chumvi. Wewe ulibeba mafuta kwa sababu mimi sikuaminiwa nayo. Kisha rafu za kantini zikaanza kubaki tupu, samaki walianza kukosekana, mafuta yakafuata, mpaka siku Baba aliporudi na mfuko uliokunjwa kwapani. Alikaa kwenye kiti chake na viatu vya kazi miguuni, hakuvivua hadi jioni. Mama hakulia mbele yetu. Aliuza vikwembe, vitenge vyake vizuri, hata vile vya harusi, akapanda lori hadi Kasumbalesa mpakani na kurudi na magunia ya unga. Dirisha la sebuleni likawa duka. Baba alipomwuliza kama kweli tutaweza, alimjibu huku anafungua gunia la kwanza: "Kantini ilifungwa bila kutuuliza. Hii, minye njo nitafungula, na minye njo nitafunga." Mimi ndiye, si kampuni.

Hapo ndipo mimi na wewe tunapoachana njia. Wewe ukiliangalia duka lile la kona unaona zama mpya. Mimi naona kantini iliyopakwa rangi.

Tukitoka shule tulikata sabuni, unakumbuka? Mche mrefu mezani, waya mwembamba, wewe unavuta, mimi nashikilia. Vipande vyako vilitoka sawasawa. Vyangu vilipinda, na Mama aliviongeza kama matabishi, ile nyongeza ambayo mteja wa kwetu huidai hata kabla hujamaliza kumpimia. Unga tulipima kwa meka, kile kikopo chake kilichobonyea ubavuni. Siku moja ulisawazisha unga kwa kiganja, ukafanya kama ulivyofundishwa shuleni kuhusu vipimo, na Mama akakushika mkono. "Acha mulima yake," alisema. "Ule mulima njo unamurudisha muntu." Ulikasirika, ukasema hivyo tutafilisika. Hatukufilisika, yaya. Wewe ulisoma mpaka ukamaliza kwa milima ile ya unga.

Duka la kona halina mlima. Kila kitu kimefungwa na kubandikwa bei. Siku walipofungua, jirani yetu mmoja alimaliza kulipa, kisha akasimama palepale kwa mtunza fedha akisubiri matabishi yake. Msichana wa watu akadhani anataka shari, akamwita mlinzi. Tulicheka sana hapa dirishani. Lakini baadaye yule mama alirudi kulekule, na safari hiyo hakusubiri chochote. Hilo halikunichekesha.

Sisemi ni wezi. Sabuni yao ni rahisi kuliko yangu, samaki wao wa barafu ni wazuri, na umeme ukikatika taa zao zinabaki zinawaka. Mimi mwenyewe nimeingia, nikazunguka nikitazama, nikatoka na kiberiti tu. Lakini jirani yetu mwingine, aliyekuwa akituuzia misumari na kufuli, amefunga. Siku hizi anavaa sare na kufungulia magari geti la duka lililomfungia la kwake. Nikipita ananisalimia kwa heshima nyingi, na mimi sijui niangalie wapi.

Sasa nikwambie la kilio, kwa kuwa hukufika. Kiangazi hiki Papa Célestin alifariki, fundi cherehani wa ng'ambo ya barabara, yeye aliyekushonea gauni la harusi na kulirudia mara mbili bila kununa. Unajua desturi yetu: wakwe wa marehemu hupita maduka yote ya barabara, na kila duka linatoa kile linachouza. Mimi nilitoa unga na sukari, wa makala akatoa makala yake, mkaa wa kupikia. Wakwe wakaingia na duka la kona. Meneja, kijana mpole wa kuvaa tai, aliwapokea vizuri na kuwaambia, "Papa, il faut une demande. Muandike, minye nitatuma ku direction, ku Lubumbashi." Alitaka barua ya maombi, iende kwa wakubwa wake.

"Na maiti itangoya jibu?" mkwe mkubwa alimwuliza.

Walitoka mikono mitupu. Turubai likatandazwa barabarani mbele ya nyumba ya marehemu, kama linavyotandazwa siku zote, mikeka ya wanawake upande huu, viti vya wanaume upande ule. Mara likaja lori la bidhaa za duka kubwa na njia hakuna. Meneja akaja mpaka kwenye mikeka, akachuchumaa mbele ya mjane. "Mama, pole sana. Tunaomba musongeshe turubai kidogo tu, camion ipite."

Mjane hata hakuinua sauti. "Minye siko na fasi ingine ya kulilia bwana yangu."

Hakuna aliyesogeza hata sufuria. Dereva wa lori alingoja, akatuangalia, kisha akazima injini, akashuka, akavua kofia na kwenda kukaa na wanaume. Tulimpa bukari, ugali wetu, akala. Lori lilibaki pale mpaka tulipotoka kwenda kuzika, na nakwambia, yaya, sijawahi kuipenda barabara yetu kama nilivyoipenda siku hiyo.

Meneja alikuja dirishani kwangu asubuhi ya maziko, bila tai. Alitaka sukari. Nikamwuliza kama kwao imekwisha, kwa utani ulio na miiba kidogo.

"Haina vile, mama," alisema. "Sachet zetu ziko na jina ya magasin. Minye siwezi ingia nayo ku kilio." Hakutaka kupeleka msibani mfuko wenye jina la duka.

Nikampimia meka iliyojaa, na mlima wake, na matabishi juu. Aliibeba mwenyewe hadi kwa mjane na kukaa nasi kidogo. Simchukii kijana yule. Ana mama yake mahali fulani, na mama huyo alimlea vizuri.

Ndiyo maana walimtuma yeye, juma lililopita, aje na karatasi yenye saini yako. Niliisoma yote. Saini yako haijabadilika tangu shule, ile yenye mkia mrefu. Iliniuma kuiona pale. Nikamrudishia karatasi na kumwambia, "Ambia bakubwa bako baandike demande. Direction iko hapa ku dirisha." Akacheka. Akaniuliza kwa upole nitafanya nini wakishafungua duka jingine, na jingine, hapa na mtaa wa Panda na kila mahali. Nikamwomba anisaidie kushusha gunia, akanisaidia, akaenda zake.

Wewe pia hukuwa na nia mbaya, najua. Nyumba yako inavuja, watoto wako wanasoma, mume wako amechoka kungoja mgodi umwite tena kazini. Hayo yote nayaona, na kama kuna usiku wewe hulali, mimi pia nina usiku wangu. Lakini usiniambie kwamba huu ni wakati tu, kana kwamba wakati ndio ulioleta karatasi. Karatasi imeletwa na watu, na watu wanaweza kukataliwa. Siku duka lile litakapoona faida yake iko Kolwezi, litafunga milango na kuondoka, na hatutaulizwa safari hiyo pia. Siku hiyo, mtu wa Kikula akitaka kipande cha sabuni cha kumwogeshea mtoto, akanunue wapi, kwenye lami?

Nikasirikie ukitaka. Waambie ndugu kwamba mimi ni mkaidi, sitakanusha. Ila usimwambie yeyote kwamba bado nafikiria, maana nimeshamaliza kufikiria. Njoo likizo na watoto, chumba chako ni kilekile na kitanda ni kilekile.

Tangu asubuhi ameingia mteja mmoja, na sikufichi. Kesho labda asiingie hata mmoja. Nitafungua.

Akupendaye na akukataliaye,
mdogo wako wa Likasi