Kibuyu Kilikuwa Kimejaa

Eufrasia, baba mkwe ameanguka shambani leo, na kosa ni langu. Yuko hai. Ukimaliza kusoma, choma karatasi hii.

Unajua sisi wakwe hatumsemeshi mzee uso kwa uso. Maji nayaweka mwisho wa tuta, mama mkwe ndiye anayemwita anywe. Leo mama alikwenda msibani Samuye. Tukabaki wawili tu, tunapalilia pamba.

Niliweka kibuyu palepale pa siku zote, kimejaa. Hakukiona. Nikasema moyoni, atageuka tu.

Hakugeuka. Saa nne shati lilikuwa limelowa jasho. Saa sita limekauka kabisa, na jembe linakata miche ya pamba badala ya majani. Niliona. Niliona, Eufrasia, na bado nikainamisha kichwa nikaendelea kupalilia.

Akaanguka kifudifudi. Ndipo nikapiga yowe, nikammwagia maji kichwani, nikamshika kwa mikono yangu hii, nikamnywesha kidogo kidogo. Adabu yote ikaishia hapo.

Sasa hivi majirani wamejaa uani. Mzee anawaambia, "Asingekuwepo huyu binti, mngekuwa mnachimba kaburi." Mama mkwe naye, aliyekwisha rudi kutoka msibani, "Makoye wangu kaoa mtu, hakuoa kisiki." Wakacheka wote.

Kisha mzee akaniita mwenyewe, mbele ya watu. "Mwanangu, ulijuaje? Uliona lini kwamba nimezidiwa?"

Nikapiga goti nikamjibu, "Ulipoanguka, baba."